Kabla Hujamwita Mzembe

Mwanao wa miaka 7 akimwaga chai mezani humwambiaje? Wazazi wengi humwita mzembe, na baadhi humfinya sikio papo hapo. Juma hili tuutazame kwanza huo mkono wenyewe.

Mtoto mchanga hurusha mikono ovyo. Afikapo miezi 4 au 5 huanza kuinyosha apate kushika kitu, ila mkono hauendi moja kwa moja; hupinda huku na huko, tena kwa kukatakata. Karibu na miezi 9 au 10 huweza kuokota hata punje ya mchele kwa kidole gumba na cha shahada. (Naye huitia mdomoni, kwa hivyo sakafu na ifagiwe vyema!)

Huyo wa miaka 7 je? Mwaka 1979 mtafiti wa Ufaransa, Laurette Hay, alitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto waliokuwa wakinyosha mkono kuelekea shabaha. Wengi wa miaka 5 waliupeleka mbio wakafunga breki mwishoni. Wa miaka 7 walifunga breki njiani, kana kwamba macho yanauuliza mkono kila hatua: umefika wapi? Wenye miaka 9 na 11 ndio waliounganisha mambo hayo mawili, mwendo wa haraka na usahihi.

Kwa hivyo mtoto wa darasa la pili anayesitasita huenda yumo katika kujifunza njia mpya, wala si kwamba amerudi nyuma. Mwandiko wake ukipanda na kushuka daftarini, kiboko hakitaunyosha. Mpe muda. Kikombe kijaze nusu. Mwache achambue maharagwe nawe, adake mpira wa makaratasi, afunge vifungo vya shati mwenyewe hata kama mnachelewa kanisani.

Kuna jambo moja, hata hivyo, lisilofaa kungojewa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka akitumia mkono mmoja tu, ule mwingine akiuacha umekunjwa ngumi au umelegea, mpelekeni kliniki. Katika umri huo watoto hutumia mikono yote miwili. Baadaye akichagua wa kushoto, huo si ugonjwa, na tafadhali mwambieni nyanya asimfunge kitambaa.