Dai Si Ombi

Maneno mawili ya Kiswahili yamechanganywa katika ofisi za serikali nyingi duniani, na mchanganyo huo umewaumiza watu ambao walikwisha kuumia mara moja. Maneno hayo ni dai na ombi. Aombaye hana haki juu ya kitu akitakacho. Akipewa hushukuru, na akinyimwa hurudi kwake. Adaiye ana haki yake iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Akilipwa hakuna aliyemfadhili, na akicheleweshwa amedhulumiwa. Askari aliyepoteza mguu, jicho, mapafu au usingizi wake katika kazi aliyotumwa na dola yake ni mdai, na dola ni mdaiwa. Lakini akifika mlangoni pa ofisi hugeuzwa mwombaji. Hujaza karatasi ya maombi, hupewa namba, huambiwa asubiri, naye hukaa juu ya benchi pamoja na jeraha lake mpaka hapo atakapoitwa. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kuwa kungojeshwa huko ni namna ya kunyimwa, na kuwa dola zinazowangojesha majeruhi wao zinastahili kuitwa kwa jina ambalo soko humwita mtu ye yote asiyelipa madeni yake.

Neno kunyima ni zito, na msomaji ana haki ya kutaka ushahidi wake. Na tutazame kwanza tabia ya deni lenyewe. Mfanya biashara akicheleweshewa fedha zake mwaka mmoja hupata hasara, lakini yeye yupo, duka lake lipo, na mwanawe akirithi duka hurithi na daftari la madeni. Deni la askari aliyejeruhiwa halina umbo hilo. Limefungwa katika mwili wake. Fedha anazodai ni za dawa ya leo, chakula cha leo, na ujira wa mtu wa kumwinua kitandani leo. Zikija baada ya miaka kumi haziwezi kuinunua siku iliyopita. Tena mwenye dai hili hufa, na dai lake huweza kuzikwa pamoja naye. Katika Marekani, kwa mfano, mpaka mwaka 2008 dai la askari lililokuwa bado kukatwa lilikoma siku ya kufa kwake, na mjane wake alilazimika kuanza shauri jipya. Sisemi kuwa yupo karani anayeombea watu wafe. Nasema kuwa mdaiwa ambaye deni lake hupungua kwa kila mazishi hana sababu ya kufanya haraka, na mtu asiye na sababu ya kufanya haraka hawi na haraka.

Mfano wa kwanza hauna haja ya kutafutwa mbali. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, jeshi la Kijerumani la Afrika ya Mashariki liliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika Zambia. Siku hiyo ilikuwa tarehe 25 Novemba 1918. Askari Waafrika walikuwa wamemfuata jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, kusini hadi Msumbiji na kurudi, na kwa muda mrefu wa safari hiyo hawakuona mshahara. Waliondoka na hati za karatasi. Ni kweli, wala haki haituruhusu kuficha, kuwa serikali ya Ujerumani ya baina ya vita vikuu viwili ilitoa malipo kadhaa. Lakini malipo hayo yalikatika kwa msukosuko wa uchumi wa dunia na kwa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali kuwalipa waliosalia. Jemadari mwenyewe alikufa mwaka huo huo, mwezi wa Machi, mwenye umri wa miaka 93. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya kuweka silaha alikuwa na miaka 66 siku ya kuitwa, kama alikuwako wa kuitika.

Wazee kiasi cha 350 walitambuliwa, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Husimuliwa kuwa wachache tu walikuja na hati zao za 1918, na wengine walileta vipande vya nguo zao za jeshi. Mlipaji, alipokosa njia nyingine ya kumjua askari wa kweli, alimpa kila mmoja ufagio mahali pa bunduki, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye kwata. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Kisa hiki hupendwa sana, na wengi hukisimulia kama sifa ya utii wa askari. Mimi hukisoma kama hati ya mashtaka. Kama ufagio ulitosha kuwa ushahidi mwaka 1964, ungalitosha mwaka 1919, kwani fagio hazijapata kuwa haba katika nchi hii. Tena waliosimama pale walikuwa ndio waliobahatika. Waliokwisha kuzikwa katika miaka ile 46 hawakuwa na namna ya kushika ufagio. Na jaribio lile humtambua mzima tu. Mzee aliyerudi vitani bila mkono angalishika nini? Kadiri mtu alivyoumia zaidi katika kazi ya dola, ndivyo jaribio la dola lilivyomtupa mbali zaidi na haki yake.

Upande wa pili wa vita hiyo haukuwa na sifa bora. Waingereza waliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wachukuzi, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Mishahara ya wengi haikuwafikia warithi, kwa hoja kuwa warithi hawakujulikana. Mwaka 2021, zaidi ya miaka 100 baada ya vita, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Hapa ndipo ubaya wa jambo unapoonekana waziwazi. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa hawezi kudai, na aliyepaswa kuliandika jina hilo alikuwa ndiye mdaiwa.

Watetezi wa ofisi watajibu kuwa hayo yalikuwa mambo ya wakoloni, na kuwa leo taabu ni umaskini: fedha ni chache, makarani ni wachache, na madai ni mengi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama matajiri wangelipa upesi. Na tuwatazame. Mwaka 1924 Marekani iliwaahidi askari wa Vita Vikuu vya Kwanza malipo ya nyongeza, lakini ikayaahirisha mpaka 1945. Njaa ilipowabana, maelfu yao walikusanyika Washington mwaka 1932 wakidai walipwe. Tarehe 28 Julai jeshi la nchi yao wenyewe, chini ya Jemadari Douglas MacArthur, likawafukuza na vibanda vyao vikachomwa moto. Walilipwa mwaka 1936. Wala desturi haikukoma hapo. Mwezi wa Machi 2013 madai ya ulemavu yapatayo 611,000 yalikuwa yamelala katika idara ya askari wa zamani ya nchi hiyo kwa zaidi ya siku 125, muda ambao idara yenyewe iliuweka kuwa kikomo. Fedha za kununulia manowari na ndege zilikuwako. Siku ambayo jeshi linahitaji risasi, risasi haingojeshwi siku 125.

Hoja ya pili husema kuwa uchunguzi hauna budi kuwa mrefu kwa sababu wako waongo. Waongo wapo, hakuna hazina duniani isiyovutia wezi. Lakini hebu tuulize, karatasi za askari hutunzwa na nani? Siku yake ya kuandikishwa, vita aliyopigana, hospitali aliyolazwa, siku aliyoachiliwa, yote hayo yamo katika majalada ya serikali. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jumba la kumbukumbu za askari karibu na St. Louis, Marekani, ukateketeza majalada baina ya milioni 16 na milioni 18. Kiasi cha asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachiliwa baina ya 1912 na 1960 yakapotea, wala nakala hazikuwako. Dola ndiyo iliyopoteza ushahidi, lakini taabu ya kuutafuta ikawaangukia wazee. Mwenye duka akiunguza daftari lake hapati ruhusa ya kuwaambia wanaomdai kuwa hawamdai.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa imevikwa nguo za lugha yetu. Majeruhi huambiwa kuwa subira huvuta heri, na kuwa haraka haraka haina baraka. Ni methali njema, lakini wazee walizitunga kwa mtu anayengoja mvua au mchumba, si kwa mtu anayengoja mdaiwa wake afungue mkoba. Kwa shauri kama hili wazee hao hao walisema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kuwa dawa ya deni ni kulipa. Karani anayechagua methali mbili za kwanza na kuzificha mbili za mwisho anaifanya hekima ya wote kuwa mlinzi wa uvivu wake.

Nini basi kifanywe? Lawama isiyo na shauri ni kelele. Kwanza, sheria na iweke siku za kukata dai, na siku hizo zikipita, majeruhi aanze kulipwa kwa muda hadi uchunguzi utakapokwisha. Pili, mzigo wa ushahidi na umwangukie mwenye kutunza majalada. Jambo hili si ndoto. Kuanzia 1962 hadi 1971 majeshi ya Marekani yalinyunyiza Vietnam dawa za kuua majani, iliyo mashuhuri ikiwa Agent Orange. Askari waliougua walitakiwa wathibitishe chanzo cha maradhi yao, mpaka mwaka 1991 sheria ilipokubali kuwa aliyetumika huko na kuugua maradhi yaliyotajwa ahesabiwe kuwa ameyapata huko. Mwaka 2022 sheria nyingine ilifanya vivyo hivyo kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan. Ni sheria njema zote mbili, na ya kwanza ilikawia miaka 20. Tatu, dai lisife na mtu. Mjane na mayatima walishike pale lilipofika. Nne, neno ombi na lifutwe katika karatasi hizo, liandikwe dai, ili karani akilisoma kila asubuhi ajue nani anamdai nani.

Shauri hili halihusu wazee wa zamani peke yao. Askari wa Kenya waliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kongo, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa waliuawa, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Maiti walipokewa kwa heshima, na ilikuwa wajibu. Lakini majeruhi ana miaka 30 au 40 ya kuishi baada ya bendera kukunjwa, na heshima yake hupimwa katika ofisi isiyo na tarumbeta. Dola inayojua siku na saa ya kumpeleka kijana vitani haiwezi kusema kuwa haijui siku ya kumlipa. Na itaje siku hiyo, iandike, na iitimize angali hai.