Mgombea huru: huru kutoka kwa nani?

Majuzi, baada ya mhadhara wa semantiki katika chuo kikuu hapa Kakamega, mwanafunzi mmoja alisubiri wenzake watoke, kisha akanijia na swali lisilokuwamo katika mtaala. "Mwalimu," akasema, "mwaka 2027 nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Nyumbani wote wananiambia kwamba nikimchagua mgombea huru katika kiti cha useneta, nitakuwa nimetupa kura yangu. Je, ni kweli?"

Nilimwambia kwamba swali lake halikustahili kujibiwa tukiwa tumesimama mlangoni. Makala haya ndiyo jibu nililomwahidi, na naamini walimu wengi wameulizwa swali lilo hilo na wanafunzi wao.

Nianze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Jirani zetu wa Tanzania humwita mtu huyu mgombea binafsi. Sisi Wakenya twamwita mgombea huru. Tofauti hiyo si ndogo. Neno binafsi lamtazama mtu mwenyewe: amekuja kwa nafsi yake. Neno huru latazama kifungo alichofunguliwa, na papo hapo lazaa swali: huru kutoka kwa nani? Ni swali tunalosahau kuliuliza tunapoanza kushangilia.

Haki hii haikupatikana kwa lelemama. Tangu mwaka 1982 hadi Desemba 1991, sheria haikukiruhusu chama kingine chochote nchini isipokuwa KANU. Hata vyama vingi viliporejea, mtu hakuweza kuwania ubunge pasipo kuteuliwa na chama. Ni Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 85, iliyofungua mlango. Nchini Tanzania, Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa takriban miaka ishirini. Mnamo Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa ushindi, lakini alifariki mwaka 2015 kabla sheria ya nchi yake kubadilishwa. Sisi tuliopewa haki hii tusiidharau.

Sasa tukitazame kiti chenyewe. Seneti yetu ina maseneta 67, ambao 47 kati yao huchaguliwa moja kwa moja na kaunti zao. Lakini inapojadili miswada inayohusu kaunti, mathalani ugavi wa fedha, hesabu hubadilika. Kifungu cha 123 chasema kwamba kila kaunti ina kura moja tu, nayo hupigwa na kiongozi wa ujumbe wa kaunti, yaani seneta aliyechaguliwa, au kwa niaba yake. Mswada wa namna hiyo haupiti mpaka uungwe mkono na kaunti zisizopungua 24. Hapo Kakamega, yenye watu zaidi ya milioni 1.8 kwa mujibu wa sensa ya 2019, ina kura sawa na Lamu. Chama hakina kura; kaunti ndiyo yenye kura. Katika Bunge la Kitaifa mbunge huru huweza kumezwa na wingi wa vyama, bali katika Seneti, siku ya kugawa fedha, kura ya seneta huru ina uzito ule ule wa kura ya kiongozi wa walio wengi.

Tuliyashuhudia hayo mwaka 2020. Maseneta walivutana kwa miezi kadhaa kuhusu mfumo mpya wa kugawa fedha za kaunti. Tarehe 17 Agosti mwaka huo maseneta watatu walitiwa mbaroni: Christopher Langat wa Bomet, Steve Lelegwe wa Samburu, na seneta wetu wa wakati huo, Cleophas Malala. Walikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba pasiwe na kaunti itakayopata pungufu ya ilivyokuwa ikipata. Mwafaka ulipofikiwa Septemba, ulitegemea ahadi ya kuongeza mgao wa kaunti zote kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Kama kura moja ya seneta haikuwa na thamani, nani angejisumbua kumkamata mwenyewe?

Kwa hivyo hoja ya kwanza dhidi ya mgombea huru, kwamba hatakuwa na nguvu, haisimami kikamilifu. Charles Kibiru alichaguliwa mwaka 2017 kuwa seneta wa Kirinyaga bila chama, na katika kipindi hicho hicho akawa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Bajeti ya Seneti.

Hoja ya pili ni ile ya "suti". Kampeni zikipamba moto, tunahimizwa kuvaa suti kamili, yaani kuchagua watu wa chama kimoja katika nafasi zote sita, tangu rais hadi mwakilishi wa wadi. Suti halisi hukatwa na fundi kwa vipimo vya mteja. Hii ya kisiasa hushonwa Nairobi, nasi twaambiwa tunyooshe mikono ituingie. Isitoshe, historia yetu yenyewe yaipinga. Mwaka 2013 Kakamega ilimchagua Boni Khalwale kwa tiketi ya UDF. Mwaka 2017 ikamchagua Malala wa ANC. Mwaka 2022 ikamrejesha Khalwale, safari hii akiwa na UDA. Chaguzi tatu, vyama vitatu! Na ANC yenyewe ilitangaza mwaka 2025 kuungana na UDA. Vyama hupita, barabara, hospitali na wakulima wa miwa hubaki pale pale.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba kila aliyekosa chama amepata fikra. Wengi wa wagombea huru tuliowaona mwaka 2017 walizaliwa na hasira za mchujo wa vyama wa Aprili mwaka huo. Jana yake walikuwa wakivisifu vyama hivyo; walipoangushwa ndipo walipogundua kwamba vimeoza. Uhuru wa namna hiyo ni uhuru wa aliyefukuzwa nyumbani, si wa aliyeamua kuhama.

Kwa upande wa pili, tunamkumbuka Martin Shikuku wa Butere. Mwaka 1975 alikamatwa katika majengo ya Bunge pamoja na naibu wa spika, Jean-Marie Seroney, kwa maneno waliyosema ukumbini kwamba KANU ilikuwa imekufa. Walizuiliwa hadi 1978. Shikuku hakuwa mgombea huru. Sheria ya siku zile isingemruhusu. Lakini ni nani atakayethubutu kusema hakuwa huru?

Aidha, upweke una gharama yake. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022 bila chama. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mara tatu, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikakubali. Sisemi alionewa wala hakuonewa. Nasema tu kwamba asiye na chama hana budi kuwa na mbinu za kuishi na wenye vyama. Tena kiti cha useneta hakina duru ya pili. Anayeongoza hutwaa, hata kwa tofauti ya kura moja. Sisi wa Kakamega tunawajua fahali si kwa methali tu: wawili wema wakipigana mpaka wakachoka, wa tatu asiyefaa huweza kuubeba uwanja.

Basi, binti yangu, jibu langu ni hili. Mgombea huru anayetaka kura yako ya useneta atahitaji kuungwa mkono na wapigakura waliosajiliwa wasiopungua 2,000 katika kaunti, na awe si mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hiyo ni mitihani ya sheria. Mitihani yako iwe mitatu. Aliondoka chamani kabla ya mchujo au baada ya kushindwa? Nani anagharimia kampeni zake, ikiwa Hazina ya Vyama vya Kisiasa haimpi hata senti? Na siku ya kugawa fedha, kura ya Kakamega ataipeleka wapi, na kwa sababu gani?

Akijibu yote bila kubabaika, mpigie kura bila kuona haya, hata kama jirani zako wamevaa suti. Akishindwa kujibu, mtafute mwingine, awe na chama au asiwe nacho. Mwanachama akijiuzulu chama chake baada ya kuchaguliwa hupoteza kiti. Na aliyechaguliwa akiwa huru, akijiunga na chama, hupoteza kiti vilevile. Katiba yataka kila mmoja abaki alivyojinadi. Nasi tuwapime hivyo kabla ya kuwapa kura, maana kura hutupwa na yule anayeipiga bila kuuliza.