Chaguo-msingi: Ni Nani Aliyechagua?

Istilahi chaguo-msingi imekwisha kuota mizizi katika Kiswahili cha kompyuta, nasi wanaisimu tumeipokea bila kuihoji. Katika makala haya mafupi ninadai kwamba istilahi hiyo inapotosha, na kwamba upotoshaji wenyewe unagusa sarufi.

Kiolesura cha tovuti siku hizi hujengwa kwa vijenzi: kitufe, kisanduku cha maandishi, ujumbe wa taarifa. Kila kijenzi hupokea sifa kutoka kwa anayekitumia, na mtunzi wake aweza kuipa sifa thamani itakayotumika iwapo mtumiaji huyo hakusema lolote. Thamani hiyo ndiyo inayoitwa chaguo-msingi.

Mfumo mmoja wa usajili niliopata kuukagua ulikuwa na kijenzi cha taarifa ambacho sifa yake ya kiambishi cha upatanisho ilikuwa imepewa thamani "i-". Kilitungwa kwa ajili ya kozi: "Kozi imesajiliwa". Kilipohamishiwa ukurasa mwingine kikaandika "Mwanafunzi imesajiliwa". Nilipouliza, mtunzi wa programu alinijibu kwa unyoofu kuwa hakuna aliyeichagua "i-" hiyo, imejitokeza tu.

Kiswahili chenyewe kina "i-" ya namna hiyo. Twasema "imejulikana kwamba" au "inasemekana" pasipo nomino ya kutawala upatanisho. Lakini "i-" ya sarufi hung'atuka mara nomino inapotokea, bila kuamriwa na mtu. Ile ya kijenzi haing'atuki, husubiri kuambiwa. Na kuambiwa kwenyewe kuna masharti. Katika JavaScript, tangu toleo la 2015, thamani iliyoandikwa kwenye kigezo hushika nafasi pale tu ambapo hakuna kilichofafanuliwa. Anayepeleka utupu kwa kusudi huhesabiwa kuwa amesema, na React haichapishi chochote mahali pake. Tukabakiwa na "mesajiliwa". Tofauti hii ya kimya na utupu si ngeni kwa yeyote aliyewahi kufundisha mofu kapa.

Kanuni za wingi za Unicode CLDR, ambazo wengi huzitegemea, hazitatui tatizo hili. Kwa Kiswahili hutenga umoja na wingi tu, ngeli haziigusi.

Afadhali React 19, iliyotolewa Desemba 2024, iliondoa utaratibu wa kuorodhesha thamani hizi kando ya vijenzi vilivyoandikwa kama fanksheni. Sasa huandikwa palepale kwenye vigezo, hivyo msomaji wa programu huiona "i-" na kujua kuna aliyeiweka.

Napendekeza istilahi thamani tangulizi. Haidai kwamba mtumiaji amechagua, wala haimfichi aliyetangulia kuamua. Najua watakaosema kwamba neno lililozoeleka halibadiliki kirahisi. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi kuwafundishia wanafunzi neno linalowafanya waamini kwamba hakuna mwenye dhamana.

Kuhusu kiambishi cha upatanisho msimamo wangu ni mkali zaidi: kisiwe na thamani tangulizi kabisa. Sifa hiyo ifanywe ya lazima, au kijenzi kipokee sentensi nzima. Katika mfumo nilioutaja walichagua njia ya kwanza, na siku hiyo hiyo programu ilikataa kurasa ambazo kwa muda mrefu zilikuwa zikiandika "Wanafunzi imesajiliwa" bila kumshtua mtu.