Tusimnyime Chakula Mgonjwa wa Saratani

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wanavijiji wengi wa Tanzania kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakafanya kazi. Leo nataka tujadiliane vivyo hivyo juu ya saratani, ugonjwa ambao wengi huuita kansa.

Je, umewahi kumwona mgonjwa wa saratani anavyokonda? Nguo zinampwaya. Nguvu zinakwisha. Hapo majirani huanza kusema. Mmoja husema, "Karogwa huyu." Mwingine husema, "Mnyimeni sukari na chakula kizuri, ili ugonjwa ufe njaa." Mimi nasema maneno hayo yote mawili yanaua watu. Sikiliza sababu zangu.

Mwili umejengwa kwa chembechembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Kila chembe inahitaji chakula. Chakula chake kikubwa ni sukari iliyomo katika damu. Sukari hiyo hutokana na ugali, wali, ndizi, mihogo na vyakula vingine. Chembe nzima huiunguza sukari kwa msaada wa hewa ya oksijeni tunayovuta. Ni kama jiko la mkaa lenye hewa ya kutosha. Mkaa ni kidogo, lakini moto ni mwingi.

Chembe ya saratani mara nyingi haifanyi hivyo. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona jambo la ajabu. Chembe za saratani zilikula sukari nyingi mno, lakini sehemu kubwa ziliichachusha tu, kama togwa inavyochacha ikiachwa. Zilifanya hivyo hata pale hewa ilipokuwapo. Chembe nzima hupata mafungu ya nguvu kama 30 kutoka punje moja ya sukari. Kwa kuchachusha hupatikana mafungu 2 tu.

Kwa nini basi? Kwa sababu chembe ya saratani haitaki nguvu peke yake. Inataka pia vifaa vya kujengea chembe nyingine. Ni kama mtu aliyekata miti. Hachomi yote kuwa kuni. Mingine anaiweka ajengee nyumba.

Uvimbe unapokua, chembe za katikati huwa mbali na mishipa ya damu. Hewa haizifikii vizuri. Hapo hutoa ishara ya kuita mishipa mipya, kama mtu anayechepusha mfereji wa kijiji uingie shambani kwake. Mwaka 2019 Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani, pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi chembe zinavyotambua upungufu wa hewa.

Takataka ya kuchachusha ni asidi. Huumiza chembe nzima zilizo jirani. Nyingine huenda kwenye ini, nalo huigeuza kuwa sukari tena. Kazi hiyo hula nguvu za mwili. Mwili hutumia mafungu 6 ili uvimbe upate mafungu 2. Tena ugonjwa huondoa hamu ya kula, na mwili huyeyusha mafuta na misuli yake. Ndiyo sababu mgonjwa anakonda. Si uchawi.

Sasa ukimnyima chakula itakuwaje? Ini litatengeneza sukari kutokana na misuli ya mgonjwa. Uvimbe utaendelea kula. Atakayekufa njaa ni mgonjwa. Atakosa nguvu za kustahimili dawa, mionzi au upasuaji. Kwa hiyo mpeni uji wa karanga, maziwa, maharage, mayai, dagaa na matunda. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kama ana kisukari pia, fuateni ushauri wa daktari.

Najua utasema hospitali ni mbali na nauli ni ghali. Ni kweli. Lakini uvimbe mdogo bado haujachimba mifereji yake. Ni rahisi zaidi kuutibu. Anayechelewa huuza ng'ombe wawili pale ambapo mbuzi mmoja angetosha, na huenda asipone. Basi anza zahanati mara uonapo uvimbe katika titi, kidonda kisichopona, damu ya ukeni isiyo ya hedhi, shida ya kumeza, au kukonda bila sababu. Zahanati itakuelekeza mbele. Matibabu ya saratani yapo Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi.

Tena tusisahau kinga. Tangu mwaka 2018 wasichana wanachanjwa nchini kote dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi, usimfiche binti yako.

Ndugu msomaji, msomee jirani yako habari hii, hasa yule asiyejua kusoma. Kisha tukimwona mgonjwa anakonda, tusikimbilie kwa mganga wa ramli. Tumpe chakula, tumchangie nauli, tumpeleke hospitali.