Ngoma Zetu Zakosa Shule

Wako miongoni mwetu walimu wasemao kwamba baleti ya Ulaya ni sanaa, bali ngoma za Kilosa na Mikumi ni mchezo tu wa kupoteza wakati. Neno hili twalikataa, tena kwa ushahidi wa baleti yenyewe.

Baleti haikuzaliwa kamili. Ilianza katika majumba ya wakuu wa Italia, ikachukuliwa Ufaransa, ikachezwa na waungwana karamuni kwa raha na kujionyesha. Mfalme Louis XIV mwenyewe aliicheza mbele ya watu. Kisha, mwaka 1661, akaweka chuo cha walimu wa kucheza. Misimamo mitano ya miguu ikapangwa, hatua zikapewa majina, na majina hayo ya Kifaransa yatumika hata leo duniani kote. Mwaka 1713 ikafunguliwa shule ya Opera ya Paris. Basi sanaa hiyo kuu ni mchezo wa karamu uliopata shule.

Sasa tutazame kwetu. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda tangu zamani walikuwa na jando na unyago, ambamo vijana walifundishwa kwa nyimbo na ngoma, chini ya wazee waliojua maana ya kila neno. Tena reli na mashamba ya mkonge yaliwaleta Kilosa watu wa makabila mengi, kila mmoja na ngoma ya kwao. Mali haikupungua, aliyepungua ni mwalimu wa kuipanga.

Na sisi walimu twafanya nini? Mgeni mkuu akija, twawatoa watoto darasani wacheze dakika tano juani, kisha twasema tumehifadhi mila. Mtoto hajui jina la ngoma wala maana ya wimbo. Na mtalii ajaye Mikumi kutazama tembo, tukimwonyesha ngoma ya namna hiyo, atarudi kwao akidhani hatuna zaidi. Huku si kuhifadhi. Ni kuzika kwa vigelegele.

Labda mtu atasema kwamba ngoma ikiingia shuleni itaharibika. Twamwuliza: Je, baleti iliharibika Mfaransa Marius Petipa alipoifundisha Urusi katika karne ya 19? Na beni, iliyoanza pwani ya Kenya ikaenea Tanganyika, je, haikubadilika kila ilipofika, na watu wakazidi kuipenda? Ngoma haiuawi na mabadiliko. Huuawa na kukosa mrithi.

Njia imekwisha kuonyeshwa. Tangu mwaka 1981 Bagamoyo pana chuo cha sanaa ambapo ngoma hufundishwa kama elimu. Lakini Bagamoyo peke yake haiwezi kuwasikiliza wazee wote wa Kilosa. Kazi hiyo ni yetu. Kila shule na iweke kipindi, imwite mzee ajuaye mapigo, imheshimu kama mwalimu, na wanafunzi waandike majina ya hatua na maana ya nyimbo. Tusipofanya hivyo, tusiilaumu baleti kwa kutushinda. Wenzetu walifundishana, sisi twapiga makofi tu.