Spi ya Amortisere ya Mbele

Ndugu kijana, mafuta yakitelemka ku amortisere ya mbele ya pikipiki yako, usikawie: yakifika ku freni, haitashika tena, na nyuma umepakia mama na mtoto.

Mbele ya kununua spi, toa ile ya zamani na kuisoma. Iko na namba tatu, sawa 33-46-11: tundu la ndani, upana wa nje na unene, kwa milimita. Kama zimefutika, beba spi yenyewe sokoni. Nunua mbili, pamoja na mipira ya kuzuia vumbi. Vumbi ya machimbo yetu haina huruma.

Lakini kwanza pitisha ukucha ku bomba lenye kungaa. Ukucha ukikwama ku kutu, spi mpya itakatika upesi. Mimi nilinunua mara mbili ndipo nikatazama lile bomba.