Hesabu ya Bomba Haiikimbii Lugha

Wapo wasomi, hata miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili, wanaoshikilia kuwa lugha hii imejaliwa ushairi na hotuba, na kwamba hesabu za uhandisi hazina budi kuachiwa Kiingereza. Dai hilo lingekuwa na uzito lau mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji la Nairobi, wangefanya kazi kwa ububu. Rejeta huzibuliwa kwa Kiswahili, au kwa Sheng, ambayo wengine wataikunjia uso.

Chukua, mathalani, matatu inayopanda Barabara ya Waiyaki kutoka Westlands kuelekea Kangemi na Uthiru. Injini ikichemsha, aghalabu mwenye gari hushauriwa atupe rejeta ya alumini, anunue ya shaba. Kweli shaba hupitisha joto vyema zaidi: takriban wati 400 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja, ilhali alumini ni kiasi cha 235. Hata hivyo, hesabu ambayo Mfaransa Joseph Fourier aliiwekea msingi katika kitabu chake cha mwaka 1822 huuliza pia joto linakwama wapi. Unene wa ukuta wa bomba ukigawanywa kwa uwezo huo wa metali, hupatikana ukinzani wa ukuta. Kwa shaba ya milimita 1, jawabu ni 0.0000025. Hewa inayopulizwa na feni, ikikadiriwa kuchukua wati 50 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzijoto, ina ukinzani wa 0.02: mara 8,000 zaidi! Hapo metali ibadilishwe au isibadilishwe, tofauti haitaonekana.

Ndiyo maana bomba huvishwa mapezi membamba, ili ligusane na hewa nyingi zaidi, na ndiyo maana fundi hodari huanza kwa kuyaosha matope. Isitoshe, ukoko wa milimita 1 ndani ya bomba, ukipitisha wati 1 tu, una ukinzani mara 400 ya ule wa ukuta wa shaba. Ukoko! Neno la sufuria ya wali limehamia katika bomba bila kungoja kibali cha kamati yoyote ya istilahi. Nairobi nayo iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na feni ileile huondoa joto kidogo zaidi.

Kinachokosekana basi si maneno. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Lakini mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Nairobi huipiga hesabu hii asiweze kumweleza fundi aliye mwendo mfupi kutoka darasani mwake. Fundi anajua kuwa matope huchemsha gari, ila hana tarakimu ya kumzuia mteja asipoteze fedha kwa shaba. Vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo hupenda makongamano kupita kiasi, vingeanza kwa kuiandika hesabu hii katika ukurasa mmoja, kisha viupeleke Kirinyaga ukasahihishwe na mafundi.